Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Mradi wa Samaki: Kijiko Kimoja, Maji Mawili

Mokowe,
Kaunti ya Lamu.

Kwa Msimamizi Mkuu wa mradi, maafisa wa nyanjani, na kila aliyetia sahihi ugavi wa "dawa ya maji".

Waheshimiwa,

KUH: VIFARANGA WETU WA TILAPIA WALIOKUFA BAADA YA MATANGI KUTIWA MRUTUTU

Asalaam aleikum. Baada ya salamu na heshima zote mnazostahili, naomba mnisamehe kwa kuwaandikia hadharani. Nafanya hivyo kwa kuwa faraghani nimeshindwa. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono wangu ikapigwa muhuri, na nakala ninayo. Ya pili ilipokewa na mlinzi langoni. Mara tatu nimefunga safari hadi ofisini, na mara tatu nimeambiwa mhusika yuko semina, nirudi Jumatatu. Ujumbe wa simu umesomwa. Zile tiki mbili ziligeuka buluu siku ile ile niliyoutuma, na buluu hiyo ndiyo jibu pekee nililopata mpaka leo. Nayataja haya ili atakayeuliza "kwa nini hamkuja ofisini kwanza?" ajue kwamba tulikuja.

Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 22, wengi wao kina mama na vijana waliozaliwa ndani ya mashua. Mtu wa pwani hii hafugi samaki kwa kupenda. Wazee walitucheka waziwazi: samaki wa tangi, nani atamtia mdomoni akaacha changu na tafi? Lakini kusi likishavuma, kuanzia mwezi wa nne, bahari huchafuka na mashua ndogo hulala ufukweni kwa wiki nzima nzima. Ujenzi wa bandari nao umewasogeza wengine mbali na maji waliyozoea kuvua. Hilo si siri, kwa maana mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mlipokuja na mradi wa tilapia tuliupokea kwa mikono miwili, na hata sasa hatuukatai. Tunalolikataa ni kijiko.

Nieleze kilichotokea, kwa sababu nadhani ofisini kwenu kimeandikwa kwa mstari mmoja: "vifo vya kawaida vya vifaranga."

Tuna matangi mawili ya plastiki ya kulelea vifaranga, kila moja lita 10,000, yamesimama ubavu kwa ubavu chini ya mkungu. La kwanza tulilijaza kwa maji ya kisima. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kama visima vingi vya huku. La pili tulilijaza kwa maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye bati la ghala. Masika yalikuwa yameanza, pampu ya kisima inakula mafuta, na mvua ni ya bure. Tukaona ni neema. Vifaranga waliletwa kwa gari moja, asubuhi moja, kutoka bwawa moja. Tuliwahesabu kwa kikombe cha chujio, 3,000 huku na 3,000 kule, kila mmoja akiwa na uzito usiozidi gramu moja hivi.

Wiki ya tatu maji ya tangi la kisima yakawa kijani kibichi. Tukapiga simu, afisa akaja siku ya pili yake. Kwa hilo namshukuru, maana hakukawia. Alikuja na mfuko wa plastiki mweupe, hauna jina wala maandishi, ndani mna chengachenga za buluu zinazometa kama vipande vya chupa. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Dawa ya maji, ya kuondoa kijani." Mama mmoja wa makamo katika kikundi akachukua chenga moja, akaitazama juani, akasema, "Wanangu, huu si mrututu huu? Mamangu alikuwa akitutilia kwenye vidonda." Afisa akacheka, akasema huo wa kwenu ni wa vidonda, huu ni wa samaki.

Ulikuwa ule ule. Mrututu ni chumvi ya shaba, na karibu robo ya uzito wake ni shaba tupu.

Akachota kijiko kimoja cha kulia wali, kilichojaa juu, akakikoroga kwenye ndoo na kumimina kwenye tangi la kisima. Akachota cha pili kwa ajili ya tangi la mvua. Nikamwambia hilo halina kijani cha kutisha, mbona unaona mpaka chini. Akajibu, "Tulitie pia, yalingane." Akatuachia mfuko na kijiko, akatuamuru tufanye hivyo kila baada ya wiki mbili.

Hiyo ilikuwa saa tisa alasiri. Kabla ya magharibi vifaranga wa tangi la mvua walianza kurukaruka na kujigonga ukutani, kisha wakatulia kwa namna isiyopendeza, wamelala upande, matamvua wanayopumulia yakifunguka na kufungwa mbiombio. Tulipomshika mmoja, vidole viliteleza kwa ute. Alfajiri ilipoingia maji yalikuwa meupe juu kwa matumbo yao. Kati ya 3,000 walibaki 41. Tangi la kisima, hatua mbili kutoka pale, usiku ule hakufa hata mmoja.

Waheshimiwa, mtu akiona matangi mawili, samaki wale wale, dawa ile ile, kijiko kile kile, saa ile ile, moja limekufa na moja liko hai, hahitaji shahada kujua kwamba jawabu limo katika maji. Hatuna shahada, lakini tulikwenda kulitafuta. Haya ndiyo malalamiko yetu, moja baada ya jingine.

1. Maji hayakupimwa.

Hili ndilo kubwa, na mengine yote yanatoka humu.

Mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari alitupimia maji ya matangi yote mawili kwa matone ya asidi na rangi. Kitu alichokipima kinaitwa ualkali. Kwa maneno ya nyumbani, ni kiasi gani cha ile asili ya chokaa kimeyeyuka majini. Tangi la kisima lilikuwa na miligramu 240 kwa lita. Tangi la mvua lilikuwa na 20.

Kisha tukapeleka kijiko chenu Amu, yaani Lamu mjini, kwa sonara, akaujaza mrututu kama alivyoujaza afisa na kuuweka juu ya mizani yake ya dhahabu. Gramu 20. Gramu 20 katika lita 10,000 ni miligramu 2 kwa lita. Mpaka hapo ni hesabu ya darasa la sita.

Sasa kanuni inayofundishwa kwa wafugaji wa samaki kokote mrututu unakotumika ni hii: chukua ualkali wa maji yako, gawanya kwa 100, hicho ndicho kiwango cha juu cha mrututu kwa miligramu katika kila lita. Kwa tangi la kisima, 240 kwa 100 ni 2.4, kwa hiyo kijiko chenu kilikuwa ndani ya mpaka. Kwa tangi la mvua, 20 kwa 100 ni 0.2. Mlilitia mara kumi. Na hata hiyo 0.2 isingetiwa na mtu mwangalifu, kwa sababu maji yakiwa chini ya 50 ushauri ni kuacha kabisa, au kuwajaribu samaki wachache kwanza pembeni.

Sababu yake mwalimu alitufafanulia hivi. Shaba inayoua ni ile iliyo huru majini. Katika maji yenye chokaa nyingi, sehemu kubwa ya shaba hunaswa na kufungwa, nyingine huzama, na kinachomfikia samaki ni kidogo. Matope, majani yaliyooza na uchafu wa bwawa nao hunasa. Maji ya mvua yaliyokaa kwenye plastiki safi hayana cha kuinasa. Shaba yote iko huru kutafuta matamvua. Kwa hiyo tangi lililokuwa safi zaidi ndilo lililokuwa la hatari zaidi. Yule afisa alipoona mpaka chini ya tangi, alikuwa akitazama onyo.

Na jambo hili, waheshimiwa, si geni kwa watu wa Lamu. Muulizeni mama yeyote wa visiwani kwa nini hapo zamani nguo nyeupe zilifuliwa kwa maji ya jabia, birika la maji ya mvua, badala ya kisima. Atawaambia sabuni haitoi povu kwenye maji ya kisima. Maji magumu na maji laini tunayajua tangu utotoni. Hatukuyaita kwa jina la kitabuni, lakini mngetuuliza "maji haya yametoka wapi?" tungewajibu, na pengine mngesita. Hamkuuliza. Ninaamini aliyepima kijiko hicho mara ya kwanza alikuwa mtaalamu, na hesabu yake ilikuwa sawa kwa maji aliyokuwa nayo mbele yake. Kilichoharibika ni kwamba kijiko kilisafiri peke yake, bila ile hesabu.

2. Vifaranga walihesabiwa kama samaki wakubwa.

Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi katika damu kuliko maji yanayomzunguka, na mchana na usiku matamvua yake yana kazi ya kuivuta chumvi hiyo ndani isimpotee. Shaba huzuia kazi hiyo. Chumvi inavuja, ute unajaa kwenye matamvua, pumzi inakatika. Samaki mkubwa ana akiba ya kumvusha siku moja au mbili. Kifaranga wa gramu moja hana akiba. Matamvua yake ni makubwa ukilinganisha na mwili wake, kila kilichomo majini kinamwingia upesi. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, walisema wazee, na ninyi mlimimina kwenye kifuu kipimo cha bahari.

Tena si samaki tu. Wale wadudu wadogo wa majini ambao kifaranga huwala katika wiki zake za kwanza hufa kwa shaba hata kabla yake. Kwa hiyo hata kipimo kinachomwacha hai kinaweza kumwacha na njaa.

3. Hatukuambiwa kwamba kijani kikifa, hewa hufa nacho.

Tangi la kisima, lile lililookoka usiku wa kwanza, halikusalimika. Siku ya pili maji yakawa rangi ya chai. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, niliamshwa: samaki wote wako juu, midomo wazi, wanapapia hewa. Tulishinda tukichota maji kwa ndoo na kuyamimina kutoka juu mpaka jua lilipotoka, mikono ikakufa ganzi. Walikufa 380.

Ule ukijani ni vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, na mchana ndivyo vinavyotoa oksijeni ndani ya tangi. Ukiviua vyote kwa mkupuo unapoteza mara mbili: hakuna tena wa kutoa hewa, na miili yake inapooza inakula hewa iliyobaki. Saa za hatari ni kabla ya alfajiri, ndipo oksijeni hufika chini kabisa. Anayejua kazi hii hutia dawa asubuhi ya jua kali, hutia sehemu tu ya bwawa kisha akangoja, hupunguza chakula, na huweka pampu ya hewa karibu. Sisi tulitiliwa alasiri, tangi zima, kukiwa na wingu la masika, na kesho yake tukawalisha kama kawaida kwa kuwa hakuna aliyetuambia tusiwalishe.

4. Mfuko usio na jina.

Sheria ya Kenya kuhusu kemikali za kuulia wadudu na visumbufu inataka kemikali hizo zisajiliwe na zibandikwe maelezo. Mfuko wetu hauna jina la dawa, uzito, tarehe, onyo, wala njia ya kumsaidia mtoto akiimeza. Na dawa yenyewe inafanana na sukari ya rangi. Uko juu ya kabati langu sasa, umefungwa kwa waya, kwa sababu nina wajukuu.

5. Maji tuliyobaki nayo.

Tulipopiga simu kuuliza tuyafanye nini maji ya tangi lililokufa, tulijibiwa tuyafungulie yaende. Yaende wapi? Mtaro wetu unateremkia kwenye mikoko, na chini ya mikoko hiyo ndiko kaa na kamba wachanga wanakokulia. Shaba haiozi. Haipotei kama harufu. Inatua kwenye matope na kukaa. Kwa tangi moja pengine si neno. Kwa vikundi vyote vya mradi, kila baada ya wiki mbili, ni neno. Tumeyabakisha tangini, tumelifunika.

6. Klorini.

Hili dogo, halitokani na mkasa wetu, ila nimelisikia kwa kikundi jirani wanaojaza kwa maji ya mfereji. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili tusiugue, na kiasi kile kile kinachomfaa binadamu kinatosha kumuua kifaranga. Maji hayo yakae wazi juani kwanza, yakitikiswa, na yapimwe kabla samaki hajatiwa. Mwongozo wenu hausemi. Ongezeni mstari mmoja tu.

Sasa najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine nimeshayasikia mlangoni.

Mtasema vifaranga walichoka kwa safari. Walikuwa na wiki mbili na zaidi tangu kufika, wanakula, wanakimbizana. Na wenzao wa tangi la kisima walisafiri gari hilo hilo.

Mtasema tulizidisha dawa. Hatukuitia sisi. Aliyeitia ni afisa wenu, kwa kijiko chenu, mbele ya watu tisa. Na kijiko tunacho.

Mtasema dawa hii inatumika dunia nzima. Ni kweli, wala hatuipingi. Wakulima wa mizabibu Ufaransa waliichanganya na chokaa kuzuia ukungu tangu karne ya 19. Imetumika kuulia konokono wa kichocho. Wafugaji wa kambare Marekani huitia mabwawani mpaka leo. Lakini kambare hao wanafugwa na watu ambao jambo la kwanza kwenye karatasi yao ni ualkali wa bwawa. Huko huko yamefanywa majaribio ya shaba kwa tilapia katika maji ya namna mbalimbali, na tofauti kati ya maji laini na maji magumu haikuwa mara mbili wala tatu. Ilikuwa makumi ya mara na zaidi. Ukiichukua dawa yao, chukua na karatasi yao.

Mtasema samaki wakubwa wa fulani walitiwa kiasi hicho na hawakufa. Rejeeni nambari 2. Na muulizeni fulani anajaza kwa maji gani.

Mtasema mradi ni mchanga, makosa ya mwanzo yapo. Tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza kugharamia mabwawa 200 ya samaki katika kila jimbo kwa majimbo 140, nchi hii imekwisha kufuga na kuua tilapia wa kutosha kujifunza kupima maji. Sisi ndio wachanga, ninyi hamkuja kwetu kama wachanga.

Na mtasema, hili nalitarajia kwa hakika, kwamba hakuna fungu la vifaa. Kisanduku cha kupimia ualkali ni vichupa viwili vya matone na kikombe cha plastiki. Kama hicho nacho hakipatikani, kuna njia isiyo na gharama yoyote: chota maji ya tangi lenyewe kwenye karai, yatie dawa kwa kiwango ulichokusudia, weka vifaranga kumi, ulale. Wakiamka wazima, tia tangini. Wakifa, umepoteza kumi badala ya 2,959. Karai tunalo. Tungelitoa.

Nikiri na upande wetu. Tulilijaza tangi la pili kwa maji ya mvua bila kumwarifu mtu, na nilipoona mfuko hauna jina ningeweza kusema "ngoja." Nilisema kidogo, nikanyamaza, kwa kuwa aliyekuwa mbele yangu alikuwa mtaalamu na mimi ni mtu wa nyavu. Ukimya huo sitaurudia, na barua hii ni sehemu ya kutourudia.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, sitisheni kijiko leo hii, kwa vikundi vyote, si chetu tu. Kuna watu wanaongoja wiki mbili zitimie watie tena. Ujumbe mmoja wa simu unatosha, nanyi mna nambari zetu zote.

Pili, asitie mtu kemikali yoyote kwenye tangi au bwawa la kikundi kabla hajapima ualkali wa maji yale yale, siku ile ile, na kuandika daftarini: maji ya wapi, kipimo gani, lita ngapi, gramu ngapi kwa mizani. Gramu, si kijiko. Mvua moja kubwa inaweza kuyabadilisha maji ya bwawa, kwa hiyo kipimo cha kaskazi hakifai masika.

Tatu, kila mfuko uwe na karatasi ya Kiswahili yenye jina la dawa, onyo, na la kufanya mtoto au mfugo akiila.

Nne, mtuletee mtu wa kutuonyesha pa kuyamwaga maji yaliyofunikwa, na alipie kazi hiyo mradi, si sisi.

Tano, turudishiwe vifaranga 3,339, yaani 2,959 wa tangi la mvua na 380 wa tangi la kisima, pamoja na chakula cha wiki tulizopoteza. Hatuombi shilingi mkononi.

Sita, tunaomba nakala ya maagizo aliyopewa afisa kuhusu dawa hii, na orodha ya vikundi vilivyogawiwa. Tunaomba chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inawapa siku 21 kujibu. Siku tunahesabu tangu barua ya kwanza, ile yenye muhuri, na zimekwisha. Msipojibu, tutaipeleka nakala ya barua hii kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo ndiyo iliyopewa jukumu la kusimamia sheria hiyo. Hatutafurahi kufika huko.

Kuhusu yule afisa kijana: tafadhali msimtupie yeye mzigo wote. Alikuja siku ya pili tu baada ya kuitwa, na aliposikia habari alitupigia simu, sauti yake si ya mtu aliyelala usingizi. Hakupewa kisanduku cha kupimia. Hakupewa mizani. Alipewa mfuko na kijiko, naye akatufikishia mfuko na kijiko.

Vifaranga 41 waliobaki tumewahamishia tangi la kisima, na wanakula. Mfuko, kijiko na chupa mbili za maji, moja kutoka kila tangi, zenye tarehe na sahihi ya mwalimu, ziko kwangu. Atakayetumwa kuvichukua aje na daftari, aandike amepokea nini na kutoka kwa nani, kisha tutie sahihi sote wawili. Nipo kila siku baada ya swala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa.

Wenu kwa heshima,

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi 22,
Mokowe, Lamu.